Mtu wa Mia Nne na Kumi

"Umeniharibia hesabu!"

Kijana wa kompyuta alikuwa amesimama katikati ya ngazi za jengo la maduka, akihesabu wapandao na washukao. Aliyemkumba ni fundi cherehani mwenye gauni la njano, futi shingoni, amekumbatia jora la kitambaa.

"Pole, bwana. Ulifika wangapi?"

"Mia nne na tisa."

"Basi andika mia nne na kumi, unipishe."

Akampisha. Kufikia Ijumaa alikuwa na namba yake ya simu, na Mia Nne na Kumi likawa jina lake la mapenzi.

Kazi ya kijana ilikuwa kuliunda jengo lile ndani ya kompyuta, aliwashe moto wa uongo, aone kama watu wangetoka. Lugha ya kompyuta aliyoizoea iliwashusha wote pamoja kama maharage yanayomiminwa kutoka guniani. Dakika nne, wote nje! Mwenye jengo alichekelea. Kijana hakuridhika, maana binadamu hawatoki hivyo. Alihangaika wiki tatu na lugha hii na ile, mpaka akapata moja ya zamani ambayo ndani yake kila mtu alikuwa na akili zake: aliweza kusimama, kumngoja mwenzake, hata kurudi nyuma.

"Laazizi," alimpigia simu, "moto ukiwaka utafanya nini?"

"Ndiyo maneno ya mapenzi hayo? Nitamchukua shangazi. Magoti yake si unayajua?"

Shangazi ndiye aliyemlea fundi huyo, na cherehani zao zilikaa sambamba ghorofa ya tatu.

Kijana akaandika hivyo. Kila alipoiendesha programu, nukta ya 410, yaani ya fundi, ilikwama juu na ya shangazi, zikawa nyekundu, alama ya walioungua. Alirudia mara ishirini. Ngazi zilijaa, na mlango wa nyuma una kufuli mwaka mzima. Alipompelekea mwenye jengo, akajibiwa, "Ile ya kwanza ndiyo nzuri."

"Usiende kazini kesho," alimwambia mpenzi wake. "Wala keshokutwa."

"Kwa nini?"

Aliogopa hata kulitamka. "Usiende tu, nakuomba."

"Mchumba wangu wa kwanza alianza hivyohivyo, kunifungia ndani. Kwaheri."

Siku nne simu haikupokelewa. Kila king'ora cha zimamoto kilipolia, kijana alikimbilia dirishani.

Siku ya tano alipanda ghorofa ya tatu, kompyuta kwapani, shati limelowa jasho. Akawaonyesha fundi na shangazi. Nukta zikashuka, mbili zikabaki. Fundi akaacha kukanyaga pedeli.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe na shangazi. Niliogopa kukwambia."

"Na wewe uko wapi?"

Akaweka nukta ya 411 mlangoni kabisa, hatua mbili kutoka nje, akaiandikia atakachofanya. Moto ulipowaka, nukta ile ilipanda ngazi ikipigana vikumbo na watu, hadi ghorofa ya tatu. Zikawa nyekundu tatu.

"Mjinga wewe!" Machozi yalimtoka fundi. "Jiandike ukitoka nje!"

"Utakuwa uongo, mpenzi. Kama ule wa kwanza."

Fundi akamshika mkono kwa nguvu.

"Na mlango wa nyuma ukifunguliwa?" Shangazi aliuliza.

Kijana akafuta kufuli kwenye programu, akawasha moto tena. Nukta tatu zikatoka, polepole, zikiwa zimeshikana.

Shangazi akajiinua kwa kushikilia meza. "Nipeni mabega yenu, twende kwa mwenye jengo. Kufuli lile linafunguliwa leo. Nina gauni la harusi la kushona, na silishoni nikiwa nimefungiwa humu."