Gogo Lisilorudishwa

Safari iliharibika kwa sababu ya jani moja la msonobari, jembamba kama sindano, lililokatiza uso wa kifutu.

Nyoka huyo alikuwa amejikunja juu ya majani makavu, mnene kama mkono wa mtu mzima, na rangi zake zilimficha hata mtafiti, aliyekuwa akimsaka tangu asubuhi, akampita mara ya kwanza. Alihitaji picha za nyoka wa msitu ule kwa kitabu cha shule za msingi. Aliamini kwamba mtoto akishamwona nyoka vizuri kwenye picha, hatakimbilia fimbo. Hakuwa na fedha za kumlipa mpigapicha wa wanyama, kwa hiyo alimchukua shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi.

Shemeji alilala kifudifudi, akapiga picha mbili. Kisha akaliona lile jani. Miaka ya kunyoosha shela na kupangusa poda kwenye kola za mabwana harusi ilikuwa imeuzoesha mkono wake vibaya. Ukaenda wenyewe kuliondoa.

Kifutu alirusha kichwa na kurudi alipokuwa kabla mtafiti hajafumbua mdomo.

"Amenigusa tu," shemeji alisema, akiutazama ubavu wa mkono wake wa kushoto.

"Amekuuma. Vua pete."

"Pete ya dada yako?"

"Ivue kabla mkono haujavimba, wasije wakaikata kwa msumeno."

Akailowesha mate, akaivuta, akaitia mfukoni. "Lete kamba basi. Babu yangu alikuwa anafunga kamba, anachanja na wembe."

"Babu yako alibakiwa na mikono mingapi?"

Mtafiti aliufunga mkono ule kifuani kwa mkanda wa kamera, bila kuukaza, akachukua mabegi yote mawili. Dawa ilikuwa hospitali, na hospitali ilikuwa mjini. Kilichotakiwa ni kufika kwenye gari, polepole, bila kukimbia.

Hapo ndipo ukungu ulipoteremka.

Misonobari ile ilipandwa kwa mistari, na kila mstari ulifanana na mwenzake kama vipande vya uzio mmoja. Waliufuata mmoja hadi ukaishia kwenye korongo wasilolijua. Wakarudi, wakajaribu mwingine, nao ukawapeleka kwenye korongo lile lile. Simu haikuwa na mtandao, na ramani ilionyesha rangi ya kijani tu. Mvua nyembamba ikaanza kuwapiga usoni. Mkono wa shemeji ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, ngozi iking'aa, na kila alipojikwaa alitoa mlio mdogo wa puani.

"Tafuta alama zetu," alisema. "Tumezunguka humu tangu asubuhi, tumegeuza magogo kama watu waliopoteza funguo."

"Hakuna alama."

"Hakuna vipi?"

"Tumeyarudisha yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Gogo ukiligeuza kutafuta nyoka, unalirudisha kama ulivyolikuta, kwa sababu chini yake ni nyumba ya mtu. Alikuwa akiyasawazisha hata majani kwa kiganja. Sasa msitu haukuonyesha kwamba waliwahi kupita, na kwa mara ya kwanza usafi wake ulimtia uchungu.

"Maji?" shemeji aliuliza.

"Yamebaki ya kulowesha ulimi. Kunywa wewe, mimi nina hasira ya kunitosha."

Shemeji alikaa chini bila kuambiwa, midomo imepauka. Mtafiti alimshika kwapani amwinue, na alipoinama aliliona: gogo lililolala chali, tumbo lake jeupe kwa ukungu wa kuoza, siafu wakihangaika kwenye shimo lililo wazi kando yake.

"Ni nani huyu?" alifoka. "Ni nani ameliacha hivi? Nilikuuliza, shemeji. Kila mara nilikuuliza, ukasema umerudisha."

"Nilikuwa nyuma yako, mgongo unaniuma. Machache nilirudisha."

"Machache?"

"Mawili."

Mtafiti akalitazama gogo. Akalitazama shimo.

"Uliligeuza kwa mkono?"

"Kwa mguu. Nichafue mikono, nishike lenzi?"

"Ulilisukuma ukielekea mbele."

"Sasa ningelisukuma kurudi nyuma nina kichaa?"

Basi gogo lilikuwa upande walikokwenda asubuhi, na shimo upande walikotoka. Mtafiti akasimama juu ya gogo, akanyoosha mkono kupita juu ya shimo, akashika njia hiyo. Gogo la pili lilikuwa limelala chali vile vile. La tatu likawapindisha kushoto, mbali kabisa na mstari ambao angeapa ndio wenyewe. Kila walipofika kwenye jingine alimtukana shemeji kwa sauti ya chini, na kila mara machozi ya shukrani yalimlengalenga.

Kwenye moja, mikono yake ilianza kulirudisha bila yeye kujua.

"Shemeji," mgonjwa alisema, ameegemea mti. "Nyumba ya mtu itasubiri. Mimi nakufa."

Akaliacha.

Gari lilijitokeza kwenye ukungu ghafla, jeupe, karibu waligonge. Mtafiti aliendesha. Shemeji, jasho likimtiririka, amefumba macho, alilalamika njia nzima kuhusu klachi.

Walimlaza hospitali hadi uvimbe uliposhuka. Kidole kidogo hakikukunjika tena, na pete ilihamia mkono wa kulia. Siku aliporuhusiwa kushika kamera, aliomba mwenyewe kurudi msituni. Alitangulia. Alilirudisha kila gogo, akipiga magoti, akisawazisha majani kwa kiganja, na mtafiti, aliyemfuata nyuma, alifunga kitambaa chekundu kwenye mti kila walipopinda.

Karibu na korongo walimkuta kifutu mwingine. Jani la msonobari lilikuwa limekatiza jicho lake. Mpigapicha alilitazama kwa muda mrefu kupitia lenzi, akiguna kama mtu anayeona shela limekaa upande.

Kisha akapiga picha, jani likiwa pale pale.