Majibu ya Ijumaa

Siku walipokutana, foleni ya chumba cha kutolea damu ilikuwa imefika kwenye ngazi. Watu wamebanana kwenye mabenchi, mikono ya shati wameshaikunja, na mwanamume wa maabara anaita namba kwa sauti iliyokauka. Akaingia mwanamke mwenye gauni la njano lililomkaa sawasawa, na kwenye ukosi amesahau sindano yenye uzi. Mtu wa maabara akamwonyesha.

"Mimi fundi cherehani," mwanamke akasema. "Nadunga vitambaa vya watu siku nzima, leo nimekuja kudungwa mimi. Malipo ni hapa hapa duniani."

Mtu wa maabara akacheka, naye kazini hakuwa mtu wa kucheka. Kabla chupa haijajaa, Fundi alikuwa ameshampa jina: Mbu. Likamganda.

Fundi alikuwa amemaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, na kila mwezi alitoa damu ili ijulikane mambo yanaelekea wapi. Mapenzi nayo hayakupiga hodi. Mwezi wa pili wa kujuana kwao Mbu alikuwa anakula chakula cha mchana dukani kwake, katikati ya suruali zinazosubiri kupunguzwa, na jioni simu haikukosa. "Mbu wangu, leo umenyonya wangapi?" Mbu akimtajia idadi, Fundi humwambia basi ameshiba, asimsogelee.

Jumatatu ya mwezi wa tatu, pamba bado iko mkononi mwa Fundi, Mbu akamwomba wafunge ndoa.

"Hapa kwenu majibu si hutoka Ijumaa?" Fundi akasema, akijifanya hana habari. "Basi na ya kwako utayapata Ijumaa."

Jumatano chupa zikaingia kwenye mashine. Hazikuwa na majina, ila Mbu aliijua namba ya Fundi kuliko ya kitambulisho chake. Kilichopimwa ni protini ambayo uvimbe huiachia kwenye damu. Ikishuka baada ya matibabu, mtu hupumua. Ikipanda, mara nyingi ugonjwa unarudi, hata kama picha bado haijauona. Ya Fundi mwanzoni ilikuwa imeshuka vizuri. Sasa ilikuwa imepanda mara tatu. Akarudia kipimo, akarudia tena, namba ikawa ile ile. Akakaa kwenye stuli akalia, glavu mikononi.

Kwa sheria, majibu hutolewa na daktari peke yake. Na Mbu alijijua: Fundi angesikia "haloo" tu, angeelewa yote. Akazima simu. Kwa akili yake alikuwa anamlinda mpenzi wake, na huo ulikuwa ujinga wa mtu mzima, usio na dawa.

Fundi alipiga mara kumi na moja. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, akamwambia asijisumbue: mwanamume ameshaiona damu, amekimbia.

Ijumaa Mbu akasimama nje ya mlango wa daktari, koti jeupe bado mwilini. Fundi akatoka na karatasi mkononi, macho makavu.

"Daktari amenieleza kwa dakika kumi," akasema. "Wewe ulianza kunieleza tangu Jumatano."

"Nilishindwa kukudanganya."

"Nani alikuomba unidanganye? Nilikuwa napiga nikuambie naogopa."

Mbu aliona aibu iliyomfika mifupani. Aliomba msamaha, akasema lile swali lake bado liko palepale.

"Lile uliliuliza hujajua kitu. Niulize leo."

Akamuuliza, pale pale koridoni, watu wakipita na mafaili yao. Fundi kwanza alimwambia kwamba yeye mgonjwa atakonda, atanuka dawa, na ziko siku atamchukia bila kosa. Mbu akasema anajua.

"Hujui," Fundi akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Lakini nakupenda, Mbu, na sina muda wa kukununia. Ndiyo."

Jumatatu, kabla ya miadi ya Fundi ya kupigwa picha hospitalini, walikwenda ofisi ya msajili wa ndoa. Karani, mama mnene mwenye miwani, aliwaeleza kwamba tangazo lao litabandikwa ubaoni siku ishirini na moja. Fundi akauliza kama hakuna njia ya kuzipunguza. Mbu akatazama sakafu.

Karani akacheka, akawatazama mmoja mmoja kama anayewatafutia kosa. "Vijana wa siku hizi! Haraka ya nini, wanangu? Si mna maisha yote mbele yenu?"

"Ndiyo hayo hayo tunayoyawahi, mama," Fundi akasema, akaomba kalamu.