Usishuke Kalundu

— Petro, kaa chini. Kalundu hakuna kitu ya kuona.

— Sikuje kuona kitu, mama mudogo. Nakuja kuona muntu.

— Muntu gani? Yule aliyekuandikia usishuke?

Pétronille, ambaye kwao wanamwita Petro, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa boti, mkoba ameubana kwapani, anaitazama gati ya Kalundu, bandari ya Uvira, ikisogea. Boti ilikuwa imetoka Kalemie na ilikuwa inakwenda Bujumbura, ambako kaka yake Frédéric alikuwa anamsubiri. Hapa Uvira ilikuwa inasimama tu kushusha magunia ya mahindi. Kapteni alikuwa ameshatangaza: anayetaka kushuka ashuke, lakini honi ikilia mara ya pili boti haimngoji mtu, hata awe askofu.

Basi abiria wakaanza kubishana, tushuke au tusishuke.

— Uvira ya sasa unashuka kutafuta nini? alisema baba mmoja mwenye kofia. Soko nusu imefungwa, maaskari banaomba karte ya kitambulisho kila kona, na kule juu Bijombo mabomu inalia.

— Minye nashuka, alisema mama mmoja mnene. Mwaka muzima sijakula mukeke wa Kalundu. Wanipige bomu nikiwa nimeshiba.

Watu wakacheka. Pétronille hakucheka. Hakuwa na hamu ya samaki wala ya kuona mji. Mume wake Déogratias alikuwa mle mjini, mtaa wa Nyamianda, na Pétronille alikuwa hajasikia sauti yake tangu mvua zianze.

Vita iliposogea karibu, Uvira ilifanya kama inavyofanya siku zote. Wanawake wengi na watoto walipanda maboti kukimbilia kusini, wanaume wakabaki kulinda nyumba, kwa sababu nyumba iliyoachwa peke yake huko haikawii kupoteza milango na mabati. Deo, fundi wa mota za mitumbwi, alibaki. Mwanzoni alikuwa anampigia mke wake kila jioni. Baadaye simu zikakoma, zikabaki SMS. "Mikro ya simu imekufa," aliandika. "Tuandikiane tu."

Pétronille akaamini. Halafu Consolate, jirani yao, akampigia:

— Petro, kwako iko moto mu parsele, pale uani, usiku na muchana. Wanawake banalala pale.

— Wanawake gani?

— Minye siwezi kusema mingi mu simu. Ukuje ujionee.

Akakata. Jamani! Unamwambia mwanamke aliye mbali na mumewe kwamba wanawake wanalala kwake, halafu unamwambia huwezi kusema mengi. Yaliyobaki si atayajaza mwenyewe? Na Pétronille aliyajaza. Aliwapa hao wanawake sura, akawapa sauti, akawavalisha vitenge vyake mwenyewe alivyoviacha kabatini.

Alimuuliza Deo. Jibu likaja: "Hakuna wanawake. Ni watu wa familia. Nakupenda. Kalemie iko baridi usiku, ujifunike."

Deo hakuwahi kumwandikia maneno kama hayo. Deo alikuwa mtu wa kuandika "OK" na "Poa". Pétronille aliisoma ile SMS mpaka akaijua kwa moyo, akailalia. Ilimpa raha na ilimpa wasiwasi, kwa sababu mwanamume aliyebadilika ghafla na kuwa mtamu huwa kuna kitu amefanya.

Asubuhi ile, boti ikiwa bado katikati ya ziwa, alikuwa ameandika: "Leo tunapita Kalundu. Nashuka."

Jibu halikuchelewa: "Usishuke. Endelea mpaka Bujumbura. Frédéric atakuambia yote."

"Frédéric ndiye bwana yangu?"

"Nakuomba, usishuke."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kichwani. Akaandika: "Kama umeweka mwanamke mu nyumba yangu, ufe naye." Akatuma. Jibu halikuja.

Sasa boti iligusa gati, kamba zikatupwa, wapagazi wakaanza kupiga kelele.

— Mwana wangu, sikia, alisema Marie-Rose. Huyu Marie-Rose ni mdogo wa mama yake, mfanyabiashara wa dagaa, ndiye aliyekuwa anamsindikiza tangu Kalemie. Akaendelea: bwana akikuambia usishuke, unamusikia.

— Weye? Weye ulifukuza bwana yako na mwiko, batu ya Mulongwe yote wakitazama. Leo unanifundisha kusikia bwana?

— Ile ilikuwa ingine.

— Ingine namna gani?

Marie-Rose alimvuta mkono arudi ndani.

— Honi italia, boti itakuacha. Vita iko karibu. Utafanya nini hapa?

— Nitaangalia uso yake tu. Akiwa na mwanamke, nitamuona, nitarudi, nitaenda Bujumbura roho yangu ikiwa imetulia. Asipokuwa naye, nitamuomba pardon. Lakini kupita hapa nikiwa nimekaa mu batô kama muzigo, hapana. Minye nashuka.

— Basi tushuke wote, alisema Marie-Rose, na machozi yakaanza kumtoka.

— Unalilia nini sasa?

— Upepo.

Getini askari alizitazama karte zao, akawaacha wapite. Nje palikuwa na pikipiki chache, na dereva wa mbele alikuwa Sévère, aliyezoea kumbeba Deo na vyuma vyake vya mota. Alipomwona Pétronille alishuka kwenye pikipiki akavua kofia.

— Pole, dada.

— Pole ya nini?

Sévère akamtazama Marie-Rose. Marie-Rose akatikisa kichwa kidogo.

— Ya safari, alisema Sévère. Mupande.

Walipakizana watatu. Barabara ilikuwa na malori ya jeshi, maduka mengi yamefungwa, na kila dakika mlio mzito ulikuwa unashuka kutoka milimani. Sévère, ambaye kwa kawaida haachi kuongea hata akimeza mate, hakusema neno mpaka Nyamianda. Pétronille hakuyaona hayo. Njia nzima alikuwa anapanga matusi, anachagua lipi litangulie.

Alisukuma mlango wa ua kwa mguu.

— Iko wapi huyo mwanamke?

Uani palikuwa na rundo kubwa la majivu, na magogo yaliyoungua nusu. Juu ya mkeka, ameegemea ukuta, alikuwa amekaa mama yake Deo, mama mkwe wake, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Pembeni yake alikuwa Onesphore, mdogo wake Deo, ameshika simu. Pétronille aliitambua ile simu. Ilikuwa na ufa kwenye kioo, aliiangusha yeye mwenyewe.

— Mwanamke ni minye, alisema mama mkwe. Wengine walisharudi kwao.

— Deo iko wapi?

Mama mkwe akasogea, akampa nafasi mkekani.

— Onesphore, shemeji, Deo iko wapi? Juu ya nini uko na telefone yake?

Onesphore aliinamisha kichwa.

— Alienda kuteka maji ku ziwa, alisema mama mkwe polepole. Bomba zilikuwa zimekauka. Masasi ya bunduki ikapita. Hatujue ni ya upande gani. Walimuleta hapa na bidon yake ya maji. Tulimuzika kesho yake.

— Lini?

— Mwanzo wa mvua.

Pétronille alikaa chini, pale pale kwenye majivu. Hakupiga kelele. Alimgeukia Marie-Rose.

— Mama mudogo. Ulikuwa unajua?

— Nilikuwa najua.

— Tulikuwa tunakula sahani moja, na ulikuwa unajua?

— Nilikuwa najua, Petro. Unisamehe.

Kwetu ndivyo tunavyofanya, tusijidanganye. Kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu akiwa mbali anaambiwa "anaumwa kidogo, kuja," na akifika anakalishwa, anashikwa mikono, ndipo anaambiwa, ili asianguke barabarani, ili asijitupe majini. Lakini hii ilikuwa vita, njia zilikuwa zimefungwa, hakukuwa na kumwambia "kuja". Wakasema tungoje wiki moja. Wiki ikazaa nyingine. Na mwanamke kule Kalemie alikuwa anauliza kila siku, na simu ya marehemu ilikuwa inalia juu ya meza, ikabidi mtu ajibu. Walifanya kwa upendo. Mimi nasema walikosea, na ningekuwa pale ningekosea vilevile.

— Frédéric alipaswa kukuambia ukiwa mu nyumba yake, umekaa, alisema mama mkwe. Ndiyo sababu tulisema usishuke. Nilikuwa naogopa upande batô ukiwa umejua. Maji ni mengi.

— Zile SMS zote...

— Minye sijue kuandika. Nilikuwa nasema, Onesphore anaandika.

— Ile ya baridi? Ya kujifunika?

— Ni minye.

Hapo ndipo Pétronille alipolia. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mama mkwe akamvuta mkekani, akamlaza kichwa mapajani mwake. Jirani Consolate alisikia akaja mbio, na alipoingia akaanza na yeye, ua wote ukajaa kilio kama siku ya kwanza.

Baadaye Pétronille alisema, uso ukiwa bado umefunikwa:

— Mama, ile ya leo asubui. Nilisema afe.

— Usiweke ile mu roho. Yeye hakuisoma. Ni sisi tulisoma.

— Mulisoma, mukanyamaza.

— Tungejibu nini, mwana wangu?

Simu ya Marie-Rose ililia. Alikuwa yule mama mnene wa mukeke, aliyeachiwa namba, yuko gatini.

— Mukuje mbio! Honi imelia ya kwanza! Batô ikitoka hii, hakuna ingine. Banasema bandari itafungwa!

Mama mkwe alimsukuma Pétronille begani.

— Simama. Sévère iko hapo inje na pikipiki. Enda.

— Na weye?

— Minye nabaki.

— Unabaki kulinda nini? Mwenye nyumba alikufa.

— Nilikuwa nakungoja weye. Batu ya familia wote, isipokuwa Onesphore, walienda Baraka, wakaniambia mama, tuende. Nikasema nikienda, na muke ya Deo akikuja hata siku moja, akute mulango umefungwa, ataniuliza minye nini mbele ya Mungu? Sasa umekuja, umejua. Enda.

Pétronille alifuta uso kwa kitenge.

— Mulimulilia bila minye.

— Tulimulilia.

— Mukakaa hapa, mukaota moto ya kilio, mukaimba, minye niko Kalemie namutukana. Sasa unataka nilie mu batô, katikati ya batu ya dagaa? Hapana, mama. Nitakaa matanga ya bwana yangu hapa. Nikimaliza, tutaenda wote, na miguu, kufuata familia Baraka.

— Vita itatukuta.

— Itukute.

Marie-Rose alisimama na simu sikioni, anamwangalia huyu, anamwangalia yule. Pikipiki ilikuwa imeshawashwa nje. Mwishowe alisema kwenye simu:

— Muende. Mizigo yetu mumupe Frédéric, anatungoja gatini Bujumbura. Mumuambie tulishuka.

Akavua viatu, akakaa mkekani.

Consolate alikusanya yale magogo yaliyoungua nusu, akawasha moto upya, ingawa ilikuwa mchana na jua kali. Mlimani bado palikuwa panalia. Pétronille akanyoosha mkono.

— Shemeji, nipe telefone.

Onesphore akampa. Akafungua SMS, akaanza kupanda juu, moja baada ya nyingine.

— Hii ya Noeli?

— Ni mama.

— Hii, ya kuniambia ninywe uji?

— Ni mama.

— "Nakupenda"?

— Ni mama.

— Hii ya mikro?

— Hiyo ni minye, shemeji. Nilikuwa sijue niseme nini.

Akapanda tena. Kidole kikasimama.

— Na hii?

Onesphore alisogea akatazama.

— Hiyo ni yake. Ya asubui ile. Alikuandikia, akachukua bidon.

Ilikuwa ndefu kidogo kuliko kawaida ya Deo. "Petro uliweka wapi chumvi? Natafuta tu sioni." Chini yake hapakuwa na jibu. Siku ile Pétronille aliiona, akacheka, akasema atajibu akimaliza kufua.

Alishika simu kwa mikono miwili na kuandika polepole, Marie-Rose akimtazama na asithubutu kumzuia. "Iko mu kopo ya maziwa, nyuma ya mafuta."

Akatuma. Alikuwa ameandika kwenye simu ile ile ya Deo, kwa hiyo mkobani mwake, kando ya moto, simu yake mwenyewe ikalia.