Kisanduku Chekundu cha Ofisi ya Karatu

Sajenti Wilibrodi wa polisi Karatu hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kugusa kompyuta. Alichojaliwa ni ubishi.

Ngoitiko, aliyewaongoza watalii kwa miguu, alikutwa amekufa kambini Nainokanoka alfajiri moja ya Machi 2006. Nyati alimchoma paja mchana wa jana yake. Mkewe, Nareyu, alimkimbilia karani wa kambi, karani akatuma ujumbe wa kompyuta kwa ofisi ya kampuni yao ya utalii, Karatu. Gari la kumchukua majeruhi halikwenda.

Ujumbe wa dharura ulipaswa kujitokeza katika kisanduku chekundu kwenye skrini ya Blandina, mpokea wageni wa kampuni. Blandina tayari alikuwa mahabusu.

"Alikuwa anapiga soga," alisema mkurugenzi, Elisaria. "Ujumbe umo humu, umefika saa nane. Kompyuta haisemi uongo, afande."

Kwa hiyo karani wa kambi hakuwa na kosa. Wilibrodi akaenda mahabusu kumhoji Blandina.

"Sikubanduka kitini, afande," Blandina alisema. "Nilikuwa nawaonyesha Wazungu picha za kreta, skrini nimewageuzia kama bosi alivyotuagiza. Hakikutokea kitu."

"Siku nyingine hicho kisanduku hutokea?"

"Hutokea. Mwezi jana kilitokea cha mtu kukanyagwa na tembo, wageni wakavunja safari palepale. Bosi alitutukana mpaka mate yakamkauka."

Wilibrodi akaenda ofisini, akamwita Joel, mtengeneza programu wa kampuni, mbele ya Elisaria.

"Fungua picha. Haya, tuma ujumbe wa dharura."

Ndege aina ya heroe walijaa skrini nzima. Kimya.

"Funga picha. Tuma tena."

Kisanduku chekundu kikaruka, kengele ikalia. Joel akainamisha kichwa.

"Kuna fanksheni, yaani kipande cha programu, ya kuonyesha ujumbe na ya kuufuta kwenye skrini. Bosi aliagiza picha zikifunguliwa, programu iite ya kufuta. Nilimshauri tuushikilie, utokee wageni wakiondoka. Akasema utawakuta mlangoni."

"Nilikuwa nalinda ajira za watu!" Elisaria alifoka.

"Ngoitiko naye ulimwajiri wewe."

"Waongozaji wapo wengi."

"Na Blandina ukamtupa ndani huku unajua."



Blandina aliachiwa jioni ileile. Elisaria alilala ndani siku moja tu kwa kudanganya polisi. Mkuu wa kituo akasema hajui sheria ya kumshtaki mtu kwa kisanduku.

Wilibrodi akakumbuka kwamba huko Nainokanoka wakwe walikuwa wanamsema Nareyu, kwamba alijikokota hadi mumewe akafa. Akamwandikia barua: "Mama, ulikimbia kwa wakati. Ujumbe wako ulifika. Mwenye kampuni ndiye aliyeamuru usionekane. Mwalimu anayekusomea barua hii awasomee na wakwe zako."

Akailamba bahasha, akaifunga, akampa dereva wa lori la mahindi lililokuwa linapanda Nainokanoka.