Abdulhadi Wawili wa Nyumba Moja

Jawahir huuza mahamri mlangoni kwake, Kibokoni. Ukichelewa, utakuta karai limeshaepuliwa. Mumewe alikufa zamani. Mwanawe wa pekee, Hadi, alikuwa fundi wa friji. Kila asubuhi alikula mahamri mawili kwa mbaazi, akabeba mkoba wake wa spana, akaenda Kizingo kwa wenye majumba.

Darini, katika nyumba hiyo hiyo, wanakaa shemeji yake Shukri, ndugu wa marehemu, na mkewe Swabaha. Nao walikuwa na mwana mmoja. Sasa hapa sikiliza vizuri. Watu wa nyumba hii wana ada yao: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu. Ndugu wawili walipata wana mwaka mmoja, na wote wawili wakaitwa Abdulhadi. Wa Jawahir akafupishwa, akawa Hadi. Wa Swabaha akabaki na jina zima. Kwenye vitambulisho kila mmoja aliandikisha jina lake na la ukoo, basi. Ukizitazama karatasi zao kwa haraka, ni mtu mmoja.

Miaka mitatu nyuma, Abdulhadi wa Swabaha alitoka nyumbani asirudi. Alipiga simu mara moja, akasema yuko ng'ambo ya mpaka, pamoja na watu wenye bunduki. Kisha kimya. Shukri akasema aibu ya nyumba husitiriwa na wenyewe. Hawakupiga ripoti. Kila aliyeuliza aliambiwa kijana yuko Maskati, auza manukato. Swabaha alilisema hilo mara nyingi, hata akawa anataja na rangi ya duka.

Jumatatu moja gari jeupe lisilo na nambari likasimama mlangoni. Wakashuka askari kanzu wanne. Mmoja akamuuliza Hadi, "Wewe ndiwe Abdulhadi?"

"Ndimi," akajibu Hadi. Kwani angesema nini? Ndilo jina lake.

Wakamtia pingu. Jawahir aliuliza mara tatu wampeleka kituo gani. Hakujibiwa. Wanaume wa barazani waliinamia vikombe vyao vya kahawa, kama watu wanaotafuta kitu ndani yake.

Shukri alikwenda kituo cha karibu, akaambiwa hayuko, akarudi. Akataka wasome Yasini na wasubiri. Wakipiga kelele, alisema, polisi watawageukia na wao. Jawahir akanyamaza siku nzima. Hilo ndilo kosa lake, na mwenyewe hukubali.

Jumanne asubuhi alikuja Rispah kununua mahamri, akakuta jiko baridi. Rispah ni Mtaita, mpangaji wa nyumba ya pili. Kazi yake ni msaidizi wa sheria katika ofisi moja upande wa Makupa. Huwasaidia watu wasio na wakili.

"Mama Hadi, walimchukua saa ngapi?"

"Jana, saa mbili kasorobo."

"Sasa ni saa tatu. Saa ishirini na nne zimepita."

Akamweleza polepole. Mtu akikamatwa, ni haki yake kuambiwa sababu, kwa lugha anayoielewa. Ni haki yake kuongea na wakili na kuwajulisha jamaa zake. Ni haki yake kufikishwa mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kwanza mahakama inapofunguliwa. Akishukiwa ugaidi, akishukiwa kuuza dawa za kulevya, sheria ni hiyo hiyo. Polisi wakitaka kumweka zaidi, hakimu ndiye wa kuombwa.

"Na wakisema hawanaye?" akauliza Jawahir.

"Waiandike ripoti yako kwenye daftari la matukio, lile waliitalo OB, kisha wakupe nambari yake. Mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kupotea. Akiandikwa, kuna wa kuulizwa."

Wakaenda. Kituoni waliambiwa warudi kesho. Rispah hakugombana. Alikaa kwenye benchi, akasema hiyo kesho ataingojea papo hapo. Baada ya saa mbili askari akachoka kumtazama, akaandika. Jawahir aliikunja ile nambari akaitia kifuani.

Wakili wa ofisi ya Rispah akapeleka ombi mahakamani, polisi waamriwe kumleta Hadi akiwa hai. Alhamisi akaja na jibu. Hadi yuko mikononi mwao. Wasema ndiye Abdulhadi aliyevuka mpaka.

Jawahir akamwambia Rispah kweli: wa darini naye ni Abdulhadi, na hayuko Maskati.

"Jina peke yake si mtu," Rispah akamwambia. "Wawili huweza kuwa na jina moja, lakini nambari ya kitambulisho ni ya mmoja tu, na alama za vidole ni za mmoja tu. Tuipate nambari ya yule mwingine. Iko kwa nani?"

Jawahir akatazama juu, kwenye dari.

Alimkuta Swabaha akichagua mchele. Shukri alikuwa dirishani. Swabaha alimsikiliza bila kuinua macho.

"Wataka nimtoe mwanangu kwa mkono wangu," akasema.

"Nataka nambari tu."

"Wakimpata watamuua. Nawe wajua hilo."

"Wangu wanaye sasa hivi, Swabaha. Wampiga kwa jina la wako."

Swabaha aliendelea kuchagua. Vidole vyake vilikuwa vikitupa mchele na kuacha chuya.

"Miaka mitatu nimekusaidia kumweka Maskati," Jawahir akasema. "Nimewataja wateja wa duka ambalo halipo. Sasa nisaidie kumtoa huko Maskati, wangu apate kurudi."

Shukri akataka kusema neno. Swabaha akamzuia kwa kiganja. Akafungua sanduku, akatoa nakala ya kitambulisho cha mwanawe. Hakumpa Jawahir. Aliitia mkobani, akavaa buibui.

"Nitaipeleka mwenyewe," akasema. "Asije mtu akasema niliibiwa."

Ijumaa Hadi akaletwa mahakamani. Jawahir hakuujua mwendo wake. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa shati. Wakili akaziweka nakala mbili mbele ya hakimu: jina moja, nambari mbili, nyuso mbili. Swabaha akasimama mbele ya watu, akasema anayetafutwa ni mwanawe, na aliondoka miaka mitatu iliyopita. Kisha akakaa, akajifunika uso. Hakimu akaamuru alama za vidole zilinganishwe. Jumatatu jibu likaja, na Hadi akaachiliwa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Vidole vyake viwili vilivunjwa, na vikaunga vibaya. Hashiki spana tena. Rispah alimpeleka hospitali siku ile ile, fomu ya P3, ile ya kuandika majeraha, ikajazwa, na malalamiko yakapelekwa kwa wanaosimamia polisi. Mpaka sasa wangoja. Hadi hukanda unga wa mama yake kwa mkono wa kushoto.

Lakini nyumba ile haikai kimya tena. Swabaha na mumewe walikwenda kituoni, wakapiga ripoti ya mwana wao kupotea. Ndani ya mlango wa kabati la Jawahir zimebandikwa nakala za vitambulisho vya wote, na simu ya wakili. Anayekuja kununua mahamri hupewa na somo. Mwezi uliopita mume wa jirani yao Sumeiya alichukuliwa. Sumeiya aliandika saa, rangi ya gari na sura za waliokuja. Kabla ya adhuhuri alikuwa na nambari ya OB na wakili. Kesho yake mumewe alisimama mbele ya hakimu, na jioni alikula kwake, akiwa na vidole vyake vyote kumi.

Siku hizi Swabaha hushuka kumsaidia Jawahir kuuza. Asubuhi moja mteja wa zamani, aliyekuwa safarini, akamuuliza Abdulhadi hajambo huko Maskati.

Swabaha alifunga mahamri matano kwenye gazeti, akamkabidhi.

"Hayuko Maskati," akasema. "Alipotea. Tuna nambari ya ripoti. Ukimsikia popote, niambie."