Harufu ya Pumzi ya Maringo

Kila alasiri, Chiriku akitoka shule, kazi yake ilikuwa moja: kukata nyasi za Maringo. Alivua sare, akala alichobakiziwa, akachukua mundu na gunia na kushuka mferejini, kwenye nyasi ndefu zinazochana vidole. Gunia likijaa alijitwika na kupanda nalo kilima, jasho likimwingia machoni. Jina alilopewa na wazazi watu walikuwa karibu kulisahau. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo.

Maringo alikuwa ng'ombe wao wa pekee. Tangu baba afariki, maziwa yake ndiyo yaliyowalisha na kumweka Chiriku shuleni. Sasa alikuwa na mimba kubwa, hakamuliwi, na mama alikuwa akifua nguo za watu mpaka viganja vinachubuka.

"Vumilia, mwanangu," mama alisema. "Maringo akizaa tu, tutapumua."

Siku moja Kifimbo, rafiki yake mwembamba kama jina lake, alimkuta Chiriku akihema njiani na mzigo.

"We Chiriku, utabeba nyasi mpaka uote pembe? Nyuma ya tanuri la mikate kuna mikate ya juzi, imejaa tele. Yule mwoka mikate anatafuta wa kuichukua. Mpe ng'ombe wako ashibe, wewe uje turuke kamba."

"Ng'ombe anakula mkate?"

"Kwani ana meno ya bandia?"

Chiriku alijaribu. Maringo alinusa kipande kimoja, akakila, kisha akala vyote kama aliyealikwa karamuni. Kesho yake alipoletewa nyasi, alizisukuma kando kwa pua na kulikodolea macho gunia.

"Haya, bibi mkubwa!" Chiriku akacheka. "Umeshaonja raha."

Tangu siku hiyo gunia lilijaa mikate, na juu ya hori Chiriku alitandaza nyasi kidogo, ili mama akichungulia aone kijani. Maringo akanenepa. Mgongo ukawa mpana kama kitanda, manyoya yakang'aa. Majirani walisimama bandani na kusifu.

"Mama Chiriku, huyu binti yako ana mkono wa kulisha!"

"Hachoki, huyu," mama alijibu kwa furaha. "Nyasi tu, kila siku ya Mungu."

Mara ya kwanza sifa zile zilimchoma Chiriku kama mwiba. Baadaye alizizoea, na mwishowe akazipenda.

Maringo alizaa ndama jike, mweusi, mwenye miguu mirefu. Siku za kwanza maziwa yalijaa ndoo, na mama akaimba akikamua. Kisha, ghafla, mambo yakageuka. Maringo aliacha kula. Alikataa pumba, akakataa hata mkate, akawa analamba tu majani makavu aliyolalia. Maziwa yalipungua. Ubavu wake, uliokuwa umejaa, ulianza kubonyea, na alipotembea aliyumba.

Chiriku alipoinama karibu na mdomo wake alisikia harufu ngeni, tamu na kali kwa pamoja, kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. "Mikate imechachia tumboni," aliwaza. "Mama akiisikia harufu hii, nimekwisha." Akachuma majani ya mpera, akayaponda, akamsugua nayo Maringo mdomoni na puani mpaka ile harufu ikafichika.

Mama akamwita daktari wa mifugo. Alikuja akipiga chafya, pua imeziba kwa mafua, leso mkononi. Alimpapasa Maringo masikio, yalikuwa ya baridi. Akamtazama anavyoyumba.

"Kabla ya kuzaa alikuwa anakula nini?" aliuliza.

"Nyasi, daktari," mama alijibu bila kusita. "Binti yangu ndiye anayekata. Au sivyo, Chiriku?"

Chiriku aliitazama miguu yake. "Ndiyo, mama."

"Nyasi tu?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi hii inaelekea kuwa homa ya maziwa. Mwili umeishiwa madini ya chokaa kwa kutoa maziwa mengi." Alimchoma sindano, akasema atapita tena kumwona, akaondoka na chafya zake.

Maringo hakupata nafuu. Siku iliyofuata alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimeinama, hacheui. Ndama alilia kwa njaa, akagonga kiwele kwa kichwa, akapata matone. Mama hakwenda kufua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni.

Mchana mchinjaji akafika, kamba begani.

"Pole, Mama Chiriku. Habari nimezipata. Usinione mbaya, lakini uniuzie angali amesimama. Akilala chini akashindwa kuinuka, hata mimi sitamtaka."

"Nimpe siku moja zaidi," mama alisema.

"Mpe. Lakini kifo hakipigi hodi, dada yangu."

Mama alimtazama ndama, akamtazama Maringo. "Mchukue," alisema kwa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia. "Mchukue kabla sijabadili mawazo."

Mchinjaji alimvisha Maringo kamba. Maringo hakupinga. Alijikokota hatua moja, magoti yakagongana, akasimama. Mama akageuka ukutani ili asione.

Chiriku aliitazama ile kamba. Akilisema lile neno, mama hatamwamini tena maishani. Asipolisema, Maringo anakwenda, na ndama naye hana wa kumnyonyesha. Miguu ilimtangulia kabla akili haijaamua. Aliidaka kamba kwa mikono miwili.

"Mama, si nyasi! Hakuwa anakula nyasi!"

Mama akageuka. "Unasema nini?"

"Mikate. Kila siku nilimpa mikate ya kule kwenye tanuri. Nyasi nilitandaza juu tu, ili uone. Mimi ndiye niliyemuua, mama!"

Mama alinyanyua mkono, na Chiriku akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua, mama alikuwa ameushika mkono wake mwenyewe kwa ule mwingine, kama anayezuia kitu kisianguke.

"Kimbia," mama alisema. "Kamwambie daktari. Mwambie yote, usibakize hata punje."

"Na mimi je?" mchinjaji akauliza.

"Wewe kaa hapo na kamba yako."

Chiriku alikimbia mpaka duka la dawa za mifugo, akamkuta daktari akinywa chai ya moto kwa ajili ya mafua. Alimweleza huku akilia, maneno yakigongana. Daktari aliweka kikombe chini.

"Pumzi yake inanuka vipi? Pua yangu haifai kitu leo."

"Kama ndizi zilizooza."

"Mbona jana hukusema?"

"Niliificha. Nilimsugua majani ya mpera ili msiisikie."

Daktari akachukua mkoba wake. "Panda pikipiki," alisema tu.

Bandani alisubiri Maringo akojoe, akachovya kijikaratasi cha kupimia. Kikageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Daktari akatikisa kichwa.

"Si homa ya maziwa, ni maradhi ya unene. Sikilizeni. Ndani ya damu kuna wajumbe, tunawaita homoni. Mmoja huleta habari ya njaa, mwingine ya shibe. Hata mafuta ya mwilini yana mjumbe wake, naye husema, 'Akiba ipo, usijisumbue kula.' Ng'ombe akizaa akiwa mnene kupita kiasi, maziwa yanadai nguvu nyingi, lakini yeye hamu ya kula hana. Basi mwili unaanza kula mafuta yake wenyewe. Mafuta yanamiminika kwenye ini, ini linaelemewa, linatoa sumu, na sumu hiyo inatoka na pumzi. Ndiyo harufu ya ndizi uliyoisikia."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Siahidi. Tumechelewa."

Alimtundikia dripu ya sukari shingoni, akamnywesha dawa tamu kwa chupa. Mchinjaji mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa cha Maringo kisitikisike, akinung'unika kwamba siku nzima imepotea na bado anageuzwa nesi. Dripu ilipokwisha, Maringo aliikunja miguu, akalala chini kwa kishindo. Mama akatoa yowe. Mchinjaji aliikunja kamba yake, akasema, "Mungu awasaidie," akaondoka.

Jioni ile hakuna aliyekula. Chiriku alimnywesha ndama maziwa ya kuomba kwa jirani. Kulipopambazuka alikuta Maringo bado amelala, macho yako wazi. Akamwekea shada la nyasi mbichi mbele ya pua. Maringo hakuzigusa. Chiriku akashuka tena mferejini, akakata nyingine laini zaidi, akarudi, akaweka. Daktari akaja na dripu ya pili. Adhuhuri Maringo aliutoa ulimi polepole, akazoa majani machache, akatafuna kwa uvivu kama anayekumbuka kitu cha zamani. Mama alishika nguzo ya banda asianguke. Kabla ya jua kuchwa, mama, Chiriku na daktari wakimsukuma wote watatu, Maringo aliinuka.

Lakini maziwa hayakurudi kama mwanzo. Msimu ule yalitosha ndama na kikombe cha nyumbani, na mama akarudi kufua nguo za watu. Chiriku alifua naye kila Jumamosi, na hakuna aliyemlazimisha.

Daktari alipokuja mara ya mwisho, mafua yamemwachia, aliinusa pumzi ya Maringo na kutabasamu. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mkate kidogo juu ya nyasi nyingi si kosa. Kosa liko kwingine. Mimi nimesomea dawa, lakini mgonjwa wangu hana mdomo wa kusema. Anasema kwa kula, kwa kukataa kula, na kwa pumzi yake. Wewe unayemlisha ndiye mkalimani wake. Mkalimani akidanganya, na dawa inapotea njia."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, daktari. Nisamehe, mama."

Mama alikuwa akikamua, shavu lake kwenye ubavu wa Maringo. Hakugeuka.

"Nimekusamehe siku ile ulipoishika kamba," alisema. "Ila kumbuka hili, mwanangu. Uvivu wako ungerekebishwa kwa magunia machache ya nyasi. Uongo wako ndio uliotaka kutugharimu ng'ombe mzima."