Fundi na Mabaki ya Vidonge

Fundi seremala alikuwa hatupi kitu. Kipande cha ubao kilichobaki alipotengeneza kitanda kiligeuka mguu wa kigoda. Msumari uliopinda aliunyoosha akautumia tena. Mkewe, Mama Pacha, alipiga msasa na vanishi katika karakana hiyohiyo, na kwa hayo alimsifu. Kilichomchosha roho ni lile kopo la dawa.

Kopo lilikaa rafuni, kati ya skrubu na gundi. Mumewe alitia humo vidonge vyote vilivyobaki: vya kikohozi cha watoto, vya jino la shemeji, vyake mwenyewe. Akipata nafuu tu, aliacha dozi, na kilichobaki kikaingia koponi.

"Gundi ikishika, huongezi gundi," alisema.

"Dawa si gundi, Baba Pacha."

"Wewe piga msasa, mama."

Basi siku moja patasi iliteleza, ikamchana kiganja cha kulia. Fundi akachagua kapsuli kwa rangi. Akazifungua, akamwaga unga kwenye kidonda, na nyingine akameza. Kidonda kikakauka juu. Akaacha. Kikavimba. Akarudi koponi, akajaribu rangi nyingine. Ikawa ndiyo kazi, hadi mkono ukaumuka na usaha ukanuka. Mteja mmoja akauliza kama kuna panya aliyefia mle ndani.

"Yupo, na bado anabisha," alijibu Mama Pacha. "Vaa viatu, twende hospitali."

"Ngoja nijaribu hizi za bluu..."

"Vaa viatu!"

Hospitalini walimlaza. Wakachukua usaha wakaupeleka maabara. Majibu yalipotoka, muuguzi wa wodi alivuta kiti akaketi.

"Fundi, bakteria wa kidonda chako wamekuwa sugu. Antibiotiki za kawaida haziwaui tena."

"Lakini dada, dawa nimekunywa! Tena za kila aina!"

"Ndiyo balaa lenyewe. Umezichanganya, umezikatisha. Bakteria dhaifu wakafa, wenye nguvu wakabaki na kuzaana. Na unga wa kapsuli si wa kumwaga kidondani."

"Sasa itakuwaje?"

"Ipo dawa ya akiba. Tunaitunza kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Utapewa kwa dripu, na damu yako tutaipima mara kwa mara, maana inaweza kuumiza figo. Hiyo nayo ikishindwa, daktari atalazimika kukata mkono ili uishi."

Fundi aliutazama mkono wake. Ndio ulioshika randa. Ndio ulioshika msumeno.

"Nilikwambia!" alisema Mama Pacha. "Nilikwambia, nilikwambia!" Kisha akalia.

Dripu ikaanza. Homa ikashuka, uvimbe ukapungua. Na mtu yule, hata hakuona haya, akaanza tena!

"Mimi nimepona. Kazi za watu zimelala."

"Umepata nafuu, hujapona," alisema muuguzi. "Dawa itaisha pale daktari atakaposema."

Mama Pacha hakubishana. Alikunja suruali ya mumewe, akaitia kapuni, akaenda nayo nyumbani. Fundi akabaki na shuka la hospitali. Mama Pacha aliporudi, alikuja na lile kopo. Muuguzi akamwelekeza dirisha la dawa, kopo likapokelewa huko ili vidonge viteketezwe kwa njia salama.

Mkono ulipona. Haukukatwa. Lilibaki kovu refu, na kidole kimoja kilichogoma kukunjika vizuri.

Fundi aliporudi karakanani, kinyozi wa jirani alichungulia mlangoni.

"Fundi, mafua yamenibana. Nigawie zile za njano."

"Hakuna tena. Na mafua huletwa na virusi. Antibiotiki hazigusi virusi. Pumzika, kunywa maji. Ukizidiwa, nenda ukapimwe. Ukiandikiwa dawa, kunywa kama ulivyoelekezwa. Usimgawie mtu, wala usi..."

"Shemeji," kinyozi alimgeukia Mama Pacha, "huyu kapatwa na nini?"

"Usiniulize mimi. Ndivyo anavyotuhubiria tangu asubuhi."

Fundi akamwonyesha kinyozi kiganja. "Mkono huu nusura uwe kuni, bwana."

Kinyozi alilitazama kovu.

"Umemaliza?" Mama Pacha alimwuliza mumewe. "Mlango wa watu unasubiri."

Fundi akashika randa kwa mkono wa kulia, akasukuma. Ubao ukatoa utepe mmoja mrefu, usiokatika.